Mashine ya Kuchomelea Ipewe Waya Wake

Katika wilaya yetu ya Sengerema kazi ya kuchomelea vyuma imekuwa kazi ya heshima, na yafaa iwe hivyo. Nani mwingine atatengeneza mageti na madirisha ya nyumba mpya, vitanda vya mabweni, plau iliyovunjika msimu wa kulima, au tela la pikipiki? Vijana wengi wamalizapo shule, au watokapo katika vyuo vya VETA, hutamani kuwa na mashine yao nyumbani. Na wazazi wengi huona ni heri kumnunulia kijana mashine kuliko kumwacha akae bure. Tena tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe kati ya Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025, mtu aweza kwenda Mwanza kununua mashine na kurudi nayo siku hiyo hiyo bila kungoja feri. Mimi nasifu jambo hili. Lakini nataka kusema kidogo juu ya kitu ambacho wanunuzi wengi hukisahau, nacho ni waya utakaoilisha mashine hiyo.

Maoni yangu ni haya: mtu asiyekuwa na fedha za kuvuta laini ya pekee kwa ajili ya mashine yake, bado hana fedha za kununua mashine. Najua neno hili laweza kuwaudhi baadhi ya wazee wetu. Nawaomba wanisikilize kwanza, kisha wanihukumu.

Baba yangu mdogo ana mashine ya namna ya zamani, ile nzito yenye transfoma. Huichomeka katika soketi ya sebuleni, akavuta waya mrefu mpaka uani. Siku moja nilipomwamkia nikaona plagi imegeuka rangi na inanuka kama mpira unaoungua. Nilipomwambia, alicheka akasema, "Mwanangu, mbona pasi hutumia soketi hiyo hiyo kila siku?" Swali lake ni zuri, na ndilo swali wanalouliza watu wengi. Basi na tulijibu kwa hesabu.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na kitu. Mashine kama ile, inapochoma kwa rodi ya milimeta 3.2, yaweza kuvuta ampea 30. Hizo ni sawa na pasi saba zilizochomekwa pamoja katika tundu moja. Wala jambo halikomi hapo. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alieleza ya kuwa joto linalozaliwa katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo wa umeme. Maana yake, mkondo ukiwa mara saba, joto ndani ya waya ule ule si mara saba bali ni mara 49. Ndiyo sababu plagi inayotulia mbele ya pasi huungua mbele ya mashine.

Watu wengine husema, "Hakuna hatari, maana braka ipo, itakata." Hapana budi tuelewe kazi ya braka. Braka huwekwa ili kuulinda waya, na kwa hiyo ukubwa wake lazima ulingane na waya ulio mbele yake. Waya wa soketi katika nyumba zetu kwa kawaida ni wa milimeta mraba 2.5. Fundi asiye mwangalifu, braka ikikata mara kwa mara, huiondoa ile ya ampea 20 akaweka ya 32, na mwenye nyumba humshukuru kwa kuwa sasa haikati tena. Lakini waya ni ule ule! Mashine inavuta ampea 30, braka ya 32 inaona kila kitu ni shwari, na waya unapikika polepole ndani ya ukuta na juu ya dari, karibu na mbao za paa, mahali ambapo watoto wamelala chini yake. Na aliyefunga msumari mahali pa fyuzi amefanya vibaya kupita huyo, kwa kuwa hakuacha ulinzi wowote.

Je, laini ya pekee ni nini? Ni waya unaoanza kwenye boksi la braka na kwenda mpaka karakana, bila kupita kwenye soketi nyingine wala kwenye taa. Una braka yake yenyewe. Kwa mashine ya ampea 30, waya wa shaba wa milimeta mraba 6, uliopitishwa vizuri ndani ya bomba, hufaa sana kwa umbali mfupi. Mwishoni huwekwa soketi nzito ya ampea 32 na swichi ya kuzimia iliyo karibu na mkono. Pamoja na hayo lazima uwepo waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, uliofungwa imara mpaka kwenye rodi iliyopigwa ardhini. Maana chuma cha mashine kikipata umeme, njia hiyo ndiyo itakayoupeleka umeme huo ardhini.

Laini hiyo huzuia ajali, na faida nyingine inayo. Tuseme karakana iko meta 20 kutoka kwenye boksi. Ukitumia waya wa 2.5 kwa ampea 30, wati kama 270 hupotea kwa kuupasha moto waya peke yake. Ukitumia wa 6, hupotea kama 110 tu. Umeme huo unaopotea umelipiwa kwenye LUKU. Tena volti kama 9 hupungua njiani, na waya wa kuunganishia ukiwa mrefu na mwembamba hupungua zaidi; mashine husuasua, rodi hugandana na chuma, na mchomo hutoka dhaifu. Hapo fundi hulalamika kwamba umeme ni mdogo. Pengine ni kweli, lakini na atazame kwanza waya wake. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nalo haliwezi kuunenepesha waya mwembamba ulio ndani ya nyumba ya mtu.

Sikatai ya kuwa ziko mashine ndogo za kisasa ambazo, kwa rodi nyembamba, hazizidi ampea 13. Hizo zaweza kutumia soketi nzuri ya kawaida. Lakini mnunuzi atajuaje? Atajua kwa kusoma kibao kilichobandikwa kwenye mashine, ambacho huonyesha ampea zinazovutwa, na pia dakika ngapi katika kila dakika kumi mashine yaweza kuchoma kabla ya kupumzishwa. Na mashine ikiwa kubwa kupita nguvu za umeme wa njia moja, aende TANESCO kuomba wa njia tatu, wala asijiunganishie mwenyewe kabla ya mita.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya umaskini. Mzazi ameuza ng'ombe au pamba, fedha zimetosha mashine tu, na kijana anataka kuanza kazi. Kwa mzazi huyo nasema: nunua mashine ndogo zaidi, fedha zinazobaki mlipe fundi mwenye leseni ya EWURA avute laini. Au vijana wawili waungane, watumie karakana moja yenye laini nzuri. Kuanza kidogo si aibu. Mashine iliyoungua hununuliwa tena, lakini nyumba ikiungua na watu ndani yake, hakuna duka la kuwanunua.

Naomba pia walimu wetu wa fizikia watusaidie. Sisi wanafunzi twajua kukokotoa ampea kwenye karatasi ya mtihani, lakini ni wangapi wetu wamewahi kusoma kibao cha mashine halisi? Kipindi kimoja tu, mashine ikiwekwa mbele yetu, chatosha kila mwanafunzi kurudi nyumbani na jibu la lile swali la pasi. Na sisi tukirudi tuwaeleze wazee wetu kwa adabu, tukiwa na kalamu na karatasi mkononi, maana wengi wao hawakatai ukweli. Wanangoja mtu wa kuwaonyesha hesabu yake.