Shujaa Wenu Ameamka, Nani Anamwogesha?

Hadithi yangu ya kwanza kuchapwa ilikuwa uzushi mtupu. Nalisema mapema kabla mtu hajanisemea. Kijana anapigwa rungu kichwani na majambazi, analala hospitali wiki tatu bila fahamu, mchumba anamshika mkono na kulia, chozi linamdondokea shavuni, anafumbua macho na kuliita jina la mchumba. Mwisho. Washikaji wa kijiweni Manzese waliisoma wakanipigia makofi. Mmoja aliniapia kwamba ilimtoa machozi. Nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Kisha, mwaka 2021, mdogo wangu akaanguka na bodaboda kule kwetu Kimamba.

Kwa msiopajua, Kimamba ni mji mdogo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye Reli ya Kati, penye mashamba ya mkonge. Babu yetu aliletwa na mkonge. Baba alizaliwa kwenye kambi za mkonge, na sisi tukakua tukihesabu mabehewa. Watu husema si mahali pa kuandikiwa riwaya. Basi leo mtanisamehe.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 19. Alipakiwa nyuma, kichwa wazi. Kofia ngumu ilikuwepo, moja, dereva ameining'iniza kwenye usukani. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kofia ile inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Siku ile iliulinda usukani vizuri sana.

Sitawachosha na safari ya rufaa, gari la kukodi, michango, ng'ombe wa mjomba aliyeuzwa usiku kwa bei ya mbuzi. Kila familia ya Kitanzania inayo safari yake ya namna hiyo. Niende moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Pale kitandani kulikuwa na karatasi imeandikwa namba 7. Daktari kijana, mstaarabu, akatueleza. Kuna kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 cha kujua fahamu za aliyeumia kichwa. Kinaanzia 3, kinaishia 15. Wanatazama mambo matatu: anafumbua macho? Anasema nini? Akiambiwa nyanyua mkono, ananyanyua? Tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa unapigiana simu kuulizana namba, kama watu wanaofuatilia mpira. Nane! Tisa! Imerudi nane! Siku ya kumi na mbili akafumbua macho.

Hakuita jina la mtu. Alimtukana mama matusi ya nguoni, mbele ya wajomba, akang'oa mpira wa mkojo, damu ikaruka. Mama alisimama pale na kanga yake mkononi. Mama ambaye mtoto huyu hakuwahi kumjibu vibaya hata siku moja. Mimi mwandishi nilitoka nje. Nilisema naenda kununua maji.

Baada ya wiki kadhaa alifika 15. Tulishangilia, mia kwa mia! Tukapewa ruhusa, pakiti ya vidonge na tarehe ya kurudi kliniki. Hospitali yenyewe siitaji, maana wauguzi wake walikesha naye na sina ugomvi nao. Lakini hakuna aliyetuketisha chini akatuambia kwamba ile 15 maana yake ni kwamba mtu anafumbua macho mwenyewe, anajua yuko wapi, na anatii akiambiwa afanye jambo. Basi. Haipimi kama anakumbuka alichokula asubuhi. Haipimi hasira. Haipimi kama ataweza kuoga bila kukaa chini katikati ya kuoga na kusahau alikuwa anafanya nini.

Na hapa, ndugu waandishi wenzangu, ndipo hadithi zetu zinapoingia mitini. Shujaa akishafumbua macho tu, mwandishi huyo, kafunga daftari, kaenda zake kunywa chai. Tumelelewa na vitabu vya Musiba na Mtobwa, tukapenda mapigo na makeke, na sisi wafuasi tukaongeza na kichwa cha mpira: kinadunda, hakipasuki. Bongo Movie wakaja, wakanogesha. Mtu anagonga kichwa, anasahau mke, anagonga tena, anamkumbuka. Jamani! Ubongo si redio ya mkulima, kwamba ikigoma unaipiga kibao.

Mtasema ni burudani tu, Kimamba haihusiki. Inahusika. Majirani zetu walijifunza wapi kwamba mtu akiamka amepona? Si katika hadithi hizo? Walikuja na sahani za pilau kumwona aliyeamka. Walipomkuta anacheka katikati ya dua, wakatazamana. Mwezi wa pili pilau likakoma, maneno yakaanza. Wengine wakasema karukwa na akili. Wengine wakasema anajidekeza, mbona anatembea, mbona anaongea, kwa nini hafanyi kazi? Shangazi mmoja akaja na fundi, kwa sababu kama mtu kaamka na hajapona, basi lazima kuna mkono wa mtu. Fundi akala mbuzi wawili na shilingi laki moja na nusu. Akapiga marufuku vidonge. Siku ya nne mdogo wangu akaanguka kifafa mbele ya duka la soda. Vile vidonge vilikuwa vya kuzuia kifafa, ambacho huweza kumpata mtu aliyeumia ubongo, hata miezi au miaka baadaye. Hilo nalo tulilijua tukiwa tumeshachelewa.

Sasa niwaambie nani alikuwa anafanya kazi wakati sisi wengine tunasema. Tunapenda sana neno hili, familia. "Familia inamhudumia." "Mwafrika hatupi nduguye." Hata wakubwa kwenye majukwaa wanalipenda, kwa sababu ni hospitali isiyoomba bajeti. Mimi nataka tulifungue hilo neno tuone ndani mna nani. Nani anaamka saa tisa ya usiku? Kwetu ni dada yangu. Alikuwa na cherehani sokoni, wateja wa sare za shule, mpango wa kununua cherehani ya pili. Mama presha ilimpanda. Baba alikuwa analia uwani na kujifanya anatafuta jembe. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, natuma hela nikipata, natuma maombi nisipopata. Familia ilikuwa mtu mmoja na ndoo.

Na mtu huyo, ambaye hakusomea lolote, aliyagundua mambo kwa macho yake. Aligundua kwamba ukimwambia "oga, vaa, uje ule" anashika kichwa na kufoka, lakini ukimwambia "chukua sabuni", ukanyamaza, anachukua sabuni. Aligundua kwamba kelele zinamchosha kuliko jembe, akahamisha redio kwa jirani, na baba akasusa chakula siku mbili. Akachora ukutani kwa mkaa siku za wiki, kila asubuhi amuulize leo ni ipi. (Alianza kwa kumwekea alama za treni. Akaacha. Mnaoijua Reli ya Kati mnajua sababu.) Akampa maharage achambue, robo kilo, baadaye nusu. Akampeleka gengeni kununua nyanya na kuhesabu chenji, naye amesimama mbali kwenye mwembe, ili ionekane kaenda peke yake.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni pua. Mdogo wangu hasikii harufu. Alikula mboga iliyochacha akamaliza bakuli, na siku nyingine godoro lilishika moto wa sigara yeye kalala juu yake. Sisi tulisema uzembe. Dada alimpitishia kitunguu, halafu mafuta ya taa, amefumba macho, akajua. Baadaye nilimuuliza daktari, akasema ni kawaida kabisa: kichwa kikitikisika kwa nguvu, nyuzi za kunusia zinazopita juu ya pua huweza kukatika. Tangu hapo dada ananusa kwa ajili ya watu wawili. Kila sahani inapita kwake kwanza.

Hebu niambieni, ninyi mnaolalamika kwamba hamna visa vya kuandika. Mwanamke anayenusa chakula cha kaka yake kila siku, hicho si kisa?

Nimesoma tangu wakati ule, kwa wivu wa mtu aliyeaibika. Kuna kisa maarufu duniani cha jeraha la ubongo, nacho ni cha mtu wa reli, kama sisi. Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa genge la wajenzi wa reli, Phineas Gage, alikuwa anashindilia baruti mwambani. Ikalipuka. Mtaimbo wa zaidi ya mita moja ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Akaishi. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu siye Gage tena, na sentensi hiyo ndiyo inayorudiwa vitabuni hadi leo: mtu mwema kageuka hayawani. Lakini Gage baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha magari ya farasi ya abiria. Fikiria kazi hiyo, farasi, ratiba, mizigo, abiria wa lugha ya kigeni. Mtu hayawani angeiweza? Kazi ya kila siku, yenye mpangilio ule ule, yaelekea ilimjenga upya. Alipodhoofika alikwenda California walikokuwa mama yake na dada yake, akafa mwaka 1860, baada ya kushikwa na vifafa mfululizo. Fuvu lake na mtaimbo vimewekwa makumbusho. Mama na dada wametajwa kwa kupita tu. Waandishi wa kule nao wamechemsha, tena kabla yetu.

Kwetu elimu haikosekani kabisa. Kule Moshi, KCMC, watafiti walianza mwaka 2013 kuwaandikisha wagonjwa walioumia ubongo, na picha iliyotoka ni ile ile ya mdogo wangu: wengi vijana wa kiume, wengi wameumizwa barabarani, pikipiki zikiongoza. Hapo hapo Moshi wanafundishwa wataalamu wa huduma za utengamao, yaani kumfundisha mtu upya kushika kijiko, kupanga siku yake, kurudi kazini. Dar es Salaam ipo MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wanapasua vichwa na kuokoa watu. Sibezi. Lakini kutoka Kimamba hadi Moshi ni mbali, na mtaalamu ambaye angeweza kumwambia dada yangu kwa saa moja yale aliyoyatafuta peke yake kwa miaka miwili, hakuja, na hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Bima nayo, ukiwa nayo, inalipa hospitali. Hailipi cherehani iliyofunikwa gunia.

Kuna mwenzangu mmoja kwenye kundi letu la waandishi, mshairi mzuri, aliniambia: "Bwana, msomaji amechoka na maisha, mpe matumaini." Nilimjibu vibaya siku ile, hivyo nijibu vizuri hapa. Matumaini ya chozi linaloamsha mtu yalimuumiza dada yangu. Alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama labda yeye hampendi vya kutosha, ndiyo maana haponi. Alikuwa ameisoma hadithi yangu! Alikuwa ameikata gazetini na kuitunza kwa sababu niliiandika mimi. Mshairi, hayo ndiyo matumaini unayoyauza?

Matumaini ya kweli yapo, ila yana mwendo wa kobe na hayafai kwa ukurasa mmoja. Mwaka wa kwanza yalikuja mengi. Mwaka wa pili machache. Sasa anajua leo ni siku gani, mara nyingi. Anachunga mbuzi watatu na habadilishi njia. Hasira zipo, ila anajifunza kuondoka kabla hazijafika mdomoni. Anakwenda kukaa karibu na stesheni mpaka zipite. Hajawa yule wa zamani. Kuna vichekesho vipya anavyo, vya ajabu, ambavyo yule wa zamani asingevitunga, na mama ameanza kuvicheka.

Mwaka jana nilikwenda likizo. Siku hizi napanda treni ya umeme hadi Morogoro, kisha basi la Kilosa. Nilipeleka sabuni, sukari na simu yenye kamera. Dada alinitazama ninapiga picha, akasema, "Mdogo wangu, wewe unakuja na sabuni, unaondoka na picha. Njoo ukae mwezi, mimi niende Dumila nikalale." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi anayebisha hoja zangu na aandike, mhariri atampa nafasi. Ila majibu yangu yatachelewa. Kuanzia tarehe mosi nipo Kimamba siku 30, na dada ameshanitumia maelekezo kwa ujumbe wa simu. Kidonge kabla ya chai. Nusa mboga. Muulize leo ni siku gani, halafu usimjibie hata akikawia.