Mume Wangu Si Mgeni Wangu

Nianze kwa kukiri kosa letu, asije akatokea mtu kunifundisha lile ninalolijua. Mume wangu ni Mkurya wa upande wa Kenya. Alivuka mpaka pale Sirari miaka 11 iliyopita kwa karatasi ya muda ya kusafiria, akaja hapa Mbalibali, akatoa ng'ombe kwa wazee wangu, tukafunga ndoa na cheti tukapewa. Karatasi ile ilipokwisha muda wake hatukwenda kuomba nyingine. Tulidhani ndoa inatosha. Tulikosea, na kosa hilo sitaki kulificha.

Baada ya mavuno yaliyopita ililetwa barua: aondoke nchini ndani ya siku 7. Tulikwenda ofisini sote wawili, cheti cha ndoa mkononi. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, laiti wewe ndiye ungekuwa Mkenya na mzee ndiye Mtanzania, jambo lingekuwa jepesi. Lakini wewe ni mke. Kwa nini usimfuate tu mumeo?"

Sikumkasirikia kijana yule. Alikuwa ameisoma sheria sawasawa. Ugomvi wangu ni na sheria yenyewe.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu cha 11, inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati mumewe yu hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa humo. Yeye atapanga foleni na wageni wengine wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu si chini ya miaka 7. Akishatimiza yote hayo, Waziri anaweza kumkatalia na wala hawajibiki kueleza sababu. Yaani mbele ya sheria hii ndoa ya kaka ni mlango, na ndoa ya dada ni ukuta.

Ajabu ni kwamba watoto wetu watatu ni Watanzania. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba mama raia aliyejifungulia hapa amezaa raia. Basi damu yangu inaaminiwa na ndoa yangu haiaminiwi! Ninaweza kuipa nchi raia watatu, lakini siwezi kuiomba iniachie baba yao.

Wapo watakaosema: tukifungua mlango huo, wanaume wa nje watamiminika, wataoa kwa hila ili wapate ardhi, na huku mpakani watapita hata wezi wa mifugo. Hofu hiyo naielewa. Nimezaliwa Mbalibali na wizi wa mifugo sikusimuliwa. Lakini je, ndoa ya hila hufungwa na wanaume peke yao? Kama serikali inaweza kumchunguza mke wa kigeni na kujua kwamba ndoa yake ni ya kweli, inaweza kumchunguza na mume. Waulizwe majirani. Atazamwe mwenyekiti wa kitongoji anasema nini. Waangaliwe watoto, shamba, na miaka waliyokaa pamoja. Uchunguzi siupingi. Ninachopinga ni kuhukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wengine husimama juu ya mila: mke humfuata mume, basi. Hao waje huku kwetu Mara wajifunze mila. Tunayo nyumba ntobhu. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akamleta mke nyumbani kwake, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa wa nyumba ile. Wazee wetu, ambao hakuna anayewasifu kwa kuwapendelea wanawake, walijua kwamba mwanamke anaweza kuwa na nyumba na watu wakaingia humo wakawa wa humo. Iweje sheria ya mwaka 1995 ishindwe kuona walichokiona wazee?

Na huyo mgeni ni mgeni wa nani? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Wakurya hawakuulizwa, waliamka wapo pande mbili. Mama mkwe wangu na mama yangu huzungumza bila mkalimani.

Wenzetu walikwisha kuiona dosari hii. Wanawake wa Mauritius walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 Kamati ikaamua kwamba sheria iliyowabana waume wa kigeni na kuwaacha wake wa kigeni ilikuwa ya kibaguzi. Mwaka 1983 Mauritius ikairekebisha. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, inampa yeyote aliyeishi katika ndoa na raia kwa miaka 7 haki ya kuomba kuandikishwa, awe mume au mke. Sisi tuliridhia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985. Tuliusaini wa nini?

Msaidizi wa kisheria ametufungulia Katiba yetu wenyewe. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inataja jinsia. Ibara ya 16 inahifadhi familia ya mtu na, kwa neno lake lenyewe, unyumba wake. Njia ya kwanza tuliyoonyeshwa ni kuomba kibali cha ukaazi. Njia ya pili ni Mahakama Kuu, ambako shauri la haki za msingi husikilizwa na majaji watatu. Ya kwanza tumeianza. Ya pili naikusanyia nauli.

Mume wangu ametii amri. Yuko kwa ndugu zake ng'ambo ya mpaka, na jembe la ng'ombe limeegemea ukutani.

Siombi upendeleo. Naomba palipoandikwa mwanamke aliyeolewa na raia paandikwe mtu aliyefunga ndoa na raia. Wabunge wanaweza kulimaliza hilo kwa asubuhi moja. Kwangu mimi, maneno hayo machache ndiyo yanayonilaza peke yangu.