Nafuu ya Kupoza Nyumba: Tuitafute Wapi?



Kaskazi ikishika, nyumba zetu, kuanzia Tiwi hadi Vanga, hugeuka tanuri. Paa za makuti zilizokuwa zikipitisha upepo zimeachia nafasi mabati, na mabati hukusanya mwako wa jua mchana kutwa kisha huushusha chumbani wakati watoto wanapotaka kulala. Hapo familia hununua feni, na aliyejaaliwa huweka kiyoyozi. Mwisho wa mwezi tokeni zimekula fedha ya kitoweo. Ndipo kina mama wanapouliza: je, hakuna nafuu yoyote kwa mtu anayetaka kupoza nyumba yake bila ya kufilisika?

Nafuu ipo, ila kwetu haina sura ya hundi. Marekani, sheria ya mwaka 2022 iliwapa wenye nyumba punguzo la kodi la asilimia 30 ya gharama ya mitambo bora ya kupoza na kupasha joto nyumba, hadi punguzo hilo lilipokoma mwisho wa 2025. Hapa Kenya mnunuzi harudishiwi fedha namna hiyo. Nafuu yetu imefichwa mahali patatu: katika bei ya yuniti, katika kodi, na katika ruzuku anayopewa muuzaji. Asiyejua pa kuitazama humpita bila ya kuiona.

Tuanze na yuniti. Tangu Aprili 2023, mamlaka ya kawi, EPRA, imewagawa wateja wa majumbani katika madaraja matatu. Wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Walio kati ya 31 na 100 hulipa zaidi. Na waliovuka 100 hulipa bei ya juu. Kabla ya hapo daraja la nafuu lilifika yuniti 100, kwa hivyo nyumba nyingi zilizokuwa zikinufaika zimetoka bila ya kubadili lolote katika maisha yao.

Wanaoumia zaidi katika hesabu hii ni wapangaji. Tutazame ploti moja ya Ukunda yenye vyumba vitano na mita moja. Kila familia ikitumia yuniti 22 tu, mita itasoma 110, na wote watano watalipa bei ya mwenye kiyoyozi ilhali hakuna hata mmoja wao aliyevuka 30. Mjane anayewasha taa mbili na feni moja anabebeshwa mzigo usio wake, na mwenye nyumba wala hakukusudia kumdhulumu. Dawa yake ni kila familia kuwa na mita yake. Tunawasihi wenye nyumba walitazame jambo hili kwa jicho la haki ya jirani: waandamane na wapangaji hadi ofisi ya Kenya Power, waombe mita za kando, na gharama wapatane. Na ambao hawajaunganishiwa umeme kabisa wakumbuke mradi wa Last Mile ulioanzishwa mwaka 2015, ambao ulishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, tena kwa malipo ya awamu. Ulizeni ofisini kama transfoma ya mtaa wenu imo katika awamu inayoendelea.

Sasa tujue nani mlaji ndani ya nyumba. Feni ya wati 75 ikizunguka saa 10 za usiku hula robo tatu ya yuniti. Shawa ya umeme ya wati 4,500 hula kiasi hicho hicho kwa dakika 10. Maana yake, mtu mmoja akioga maji ya moto amemaliza upepo wa usiku mzima wa watoto watatu, na katika joto la pwani yetu maji ya ndoo iliyowekwa juani mchana yanatosha. Kiyoyozi cha chumba kimoja chenye wati 1,000 hivi, hata kikipumzika mara kwa mara, huweza kula yuniti tano au sita kwa usiku. Kwa siku sita tu, yuniti 30 za daraja la nafuu zimekwisha. Hatusemi ni haramu kukiweka, hasa pakiwa na mgonjwa au mzee. Tunasema kiwekwe kwa kujua.

Pa pili ni kodi. Serikali inapoondoa kodi juu ya kitu, hiyo ni nafuu hata kama haikutangazwa msikitini. Gesi ya kupikia iliwekewa VAT mwaka 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, na tangu Julai 2023 ikawa haitozwi. Vifaa vingi vya sola navyo viliwekewa VAT mwaka 2020, na mwaka uliofuata msamaha ukarejeshwa. Mnaona basi kwamba mambo haya hubadilika kila sheria ya fedha inapopitishwa katikati ya mwaka. Mwenye nia ya kununua chombo kikubwa asikilize habari za bajeti kabla ya kutoa fedha, na dukani adai risiti inayoonyesha kodi aliyotozwa.

Hapo hapo dukani, tazameni nyota. Kanuni za mwaka 2016 zinataka friji na viyoyozi vibandikwe lebo ya EPRA yenye nyota moja hadi tano. Nyota zikizidi, ulaji wa umeme hupungua. Friji kuukuu iliyoletwa kutoka ng'ambo huwa rahisi siku ya kuinunua, kisha hudai tofauti hiyo kila mwezi, kwa sababu friji hailali.

Pa tatu ni ruzuku anayopewa muuzaji. Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa sola wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya sehemu ambazo nguzo za umeme hazijafika. Katika mradi huo, motisha ya fedha ilipangwa kulipwa kampuni inayouza, ili ifike vijiji vya mbali kama vile vya Kinango na Lunga Lunga. Miradi kama hii hufunguliwa na kufungwa. Kwa hivyo muuzaji wa sola akibisha hodi, aulizwe waziwazi: je, bidhaa hii imo katika mradi wowote wa ruzuku, na bei imepungua kiasi gani? Naye fundi atakayefunga paneli juu ya paa aonyeshe leseni ya EPRA. Mtu akitaka ada mkononi ili akuandikishe kwa ruzuku, usimpe hata shilingi.

Sola nyingi huuzwa kwa mtindo wa lipa mdogo mdogo, na hapa dini yetu ina neno. Shilingi chache kwa siku ni nyepesi masikioni, lakini zikijumlishwa kwa mwaka mmoja na nusu huweza kuzidi sana bei ya taslimu. Wanazuoni wengi wamejuzisha kuuza kwa muda kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, maadamu bei moja imekubaliwa kabla ya wawili kuachana na haibadiliki tena. Kinachotia shaka ni nyongeza inayowekwa juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa. Mkiona sharti hilo katika mkataba, mpelekeeni imamu au kadhi kabla ya kutia sahihi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Haikuwa ndefu bure. Na mkataba uandikwe kwa jina na nambari ya simu ya yule anayelipa. Dada anayelipa kwa fedha ya vitumbua vyake hana sababu ya kuandikisha chombo kwa jina la mwingine, kisha siku ya mzozo akakosa pa kushika.

Zipo pia nafuu zisizohitaji serikali. Mabati yakipakwa rangi nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Makuti yakitandazwa juu ya mabati hukata mwako, ilimradi yawe mbali na jiko. Mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi utatupa kivuli alasiri kwa miaka mingi, na mtungi wa udongo penye upepo hupoza maji ya kunywa bila ya tokeni. Wazee wetu walijenga kwa kufuata kusi na kaskazi. Madirisha yanayotazamana ni elimu waliyotuachia.

Wiki hii, basi, kila nyumba isome mita yake Ijumaa hii na Ijumaa ijayo, iandike tofauti, izidishe kwa nne. Tukijua tulipo, tutajua pa kupunguza. Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu na deni, na azijaalie nyumba zetu ubaridi na utulivu. Amin.