Mgonjwa wa mtihani naye aongee Kiswahili

Nawaandikia kutoka Linden, Columbus, Ohio.

Mimi ni muuguzi, si daktari. Lakini daktari asipojua kusikiliza, mzigo unatuangukia sisi manesi, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Hapa Marekani, kuanzia 2004, wanafunzi wa udaktari walifanya mtihani wa vitendo ulioitwa Step 2 CS. Wagonjwa 12, dakika 15 kila mmoja, na wagonjwa wenyewe walikuwa watu waliofunzwa kuigiza ugonjwa. Ulifanyika katika miji mitano tu, ada ikafika karibu dola 1,300. Aliyesomea Dar au Nairobi ilibidi kwanza ahangaikie viza na nauli. Korona ikausimamisha 2020, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Wengi walishangilia. Ile ada hata mimi siililii, ila mbinu yenyewe tusiitupe.

Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake waliieleza mwaka 1975. Mwanafunzi anazunguka vituo, kengele ikilia anahamia kingine, na wote wanasahihishwa kwa orodha moja: amenawa mikono? Amejitambulisha? Mtoto wa kigogo na mtoto wa mkulima wanakutana na mgonjwa yuleyule. Kwa nchi zetu hizi za kujuana, hilo peke yake linatosha kuutetea.

Sasa hoja yangu. Tanzania na Kenya tunafundisha udaktari kwa Kiingereza. Mgonjwa anakuja na vichomi, chango, moyo kumwenda mbio, "mwili wote hauna nguvu". Huku Linden Mkongo asiyejua Kiingereza anaweza kuletewa mkalimani kwenye simu. Kule nyumbani daktari ndiye mkalimani wa kichwa chake mwenyewe, na nani amempima kwa hilo?

Kituo chochote chenye mgonjwa kiwe kwa Kiswahili. Waigizaji wawe mama muuza samaki, mzee mstaafu, kijana wa bodaboda. Na katika wasahihishaji awepo muuguzi (hapo najua madaktari watanuna).

Mtasema fedha hakuna. Jamani, mgonjwa wa kuigiza hahitaji mashine. Anahitaji kiti, mafunzo ya siku chache, chai na nauli.

Wenye ndugu wanaofundisha Muhimbili, Bugando au Moi, hebu waulizeni: mwaka huu mgonjwa wa mtihani ataongea lugha gani?

Nawasilisha.