Mdomo wa Bunduki na Maisha ya Mlinzi

Tangu mwaka 1973, ulipokatwa shauri kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na zaidi tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, yameota mabenki, maghala na maofisi mahali ambapo wazee walichunga ng'ombe. Jua likishatua, mbele ya milango hiyo huketi mtu mwenye koti zito na bunduki ya marisau magotini. Leo tunataka kusema habari za mtu huyo, na hasa habari za bunduki yake.

Tulimwomba mlinzi mmoja atuonyeshe silaha yake. Akaifungua, akatoa risasi, akatupa mtutu tuutazame. Kwa nje ulikuwa mweusi wa kung'aa, mfano wa kitu kipya. Lakini kiasi cha vidole vitatu kutoka mdomoni ulikuwa umevimba pande zote, kama shingo ya nyoka aliyemeza yai. Tukamwuliza: ndugu, wakubwa wako wameuona uvimbe huu? Akajibu kwamba wameuona, nao wamesema bunduki bado inalia. Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Yafaa kila mfanyakazi aelewe sababu ya uvimbe ule. Mtutu wa bunduki ya namba 12 una tundu la upana wa milimita 18.5 hivi. Karibu na mdomo, tundu hilo hubanwa kidogo, pengine nusu milimita, pengine milimita nzima, ili marisau yasitawanyike upesi. Zamani kibano hicho kilikuwa sehemu ya mtutu wenyewe. Mwaka 1868 Mmarekani Sylvester Roper alipata hati ya uvumbuzi wa kibano cha kufungwa na kufunguliwa, na baadaye kampuni ya Winchester ilianza kuuza bunduki zenye bomba fupi la chuma linaloingizwa mdomoni kwa hesi. Mafundi hukiita kifaa hicho choki. Wengine wakafuata, na leo hata bunduki za bei ya chini kabisa huuzwa na choki tatu au tano ndani ya kijisanduku.

Hatukilaumu kifaa chenyewe. Mwindaji anayepiga kanga asubuhi na nguruwe mwitu jioni hukiona chema, maana bunduki moja humfanyia kazi nyingi. Lakini ili bomba lile lipate mahali pa kukaa, lazima chuma kikwanguliwe ndani ya mtutu, tena mahali ambapo tayari ni pembamba. Mtutu hufanywa mnene nyuma, baruti inapowaka, na mwembamba mbele, nguvu ya baruti inapopungua. Fundi mwema hukumbuka jambo hili: huacha chuma kinene zaidi mdomoni, hukata hesi katikati barabara, na hupima bomba likae bila kuchomoza. Mwenye haraka ya faida huliacha hivi hivi. Hesi ikienda upande, ukingo wa bomba huchomoza katika njia ya marisau. Marisau na kizibo chake hugonga ukingo huo, moshi wa baruti hupenya nyuma ya bomba, na bomba husukumwa mbele kwa nguvu. Mtutu huvimba, siku nyingine hupasuka.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila uvimbe ni kosa la kiwanda. Choki iliyolegea huleta madhara yale yale hata katika bunduki ya thamani kubwa. Kupiga bila choki huharibu hesi. Tope, kitambaa kilichosahauliwa, au kiota cha dondora ndani ya mtutu huweza kuupasua. Marisau ya chuma cha pua, yaliyo magumu kuliko ya risasi ya kawaida, hayafai kupitishwa katika choki iliyobana sana. Kwa hiyo tunawalaumu wauzaji wa vitu hafifu, na hapo hapo tunawalaumu wenye kutoa bunduki bila kutoa mafunzo.

Wako watakaosema kwamba mtutu ukipasuka mdomoni, mpigaji yu mbali na pale na mara nyingi haumii. Ni kweli, mara nyingi. Lakini mwenzake aliyesimama kando hana ahadi hiyo, na kipande cha chuma hakichagui. Tena marisau yatokayo katika mdomo ulioharibika hayaendi yalikolengwa, na mwizi wa usiku hangoji mlinzi atafute bunduki nyingine.

Katika nchi nyingi za Ulaya bunduki haiuzwi mpaka ijaribiwe. London imekuwa na mamlaka ya kujaribu mitutu tangu mwaka 1637, na Birmingham tangu 1813. Mwaka 1914 huko Liège, Ubelgiji, iliundwa tume ya mataifa ya kusimamia kazi hiyo. Risasi ya kawaida ya namba 12 hairuhusiwi kupita nguvu ya baa 740, yaani zaidi ya mara 700 ya kani ya hewa inayotuzunguka. Na mtutu hupigwa muhuri baada ya kuvumilia risasi ya majaribio iliyo kali kuliko hiyo. Mtutu ukichongwa upya baadaye na fundi, muhuri ule wa kwanza haumdhamini mtu tena. Nchi yetu haimo katika tume hiyo. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo ni njema. Lakini leseni humshuhudia mtu mwenye kuishika bunduki, haishuhudii uzima wa chuma.

Watu wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa na wageni madhara ya kununua chombo kwa sababu tu kinapatikana. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga, wakaleta matrekta yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya vita. Ardhi ya Kongwa, ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, iliyavunja. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ilifika kama pauni milioni 36. Hasara ile ilikuwa ya hazina ya Uingereza. Hasara ya bunduki mbovu itakuwa ya mlinzi na watoto wake.

Basi twasema wazi. Bei ndogo si dhambi, ila fedha ndogo yapasa iende katika chuma, si katika mapambo. Mlinzi anayelinda ua wa ghala hana haja ya choki tano, hapigi kanga. Bunduki ya kawaida, yenye kibano cha mtutu wenyewe na muhuri wa majaribio, humtosha, na huondoa hatari hii yote ya hesi. Wanunuzi wa makampuni ya ulinzi na walioajiri makampuni hayo wauangalie muhuri kabla ya bei.

Waajiri nao wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuwaacha walinzi nje. Bunduki ni chombo cha kazi kama mashine ya kiwanda, na ikivimba yapasa iondolewe siku hiyo hiyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ni msaada mkubwa, lakini hakuna fidia iotayo kidole.

Na wewe ndugu mlinzi, kila upokeapo zamu, toa risasi kwanza, kisha tazama mwanga kupitia mtutu. Ukiona duara la kivuli, mtutu umevimba. Kaza choki, ipake grisi kidogo kwenye hesi, wala usipige bila hiyo. Bunduki iliyovimba ikatae mbele ya mashahidi, na tawi la chama chenu cha wafanyakazi lisimame nawe. Kukataa huko si uvivu wala woga; mkubwa anayesema bado inalia aishike yeye kwanza.