"NI" NA "ANA" KATIKA LUGHA YA JAVA

Wengi wetu tunaojifunza Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, hudhani kwamba ujuzi ni kukariri maneno yake. Mimi sikubaliani nao. Ujuzi hasa ni kutambua uhusiano baina ya klasi na klasi, na kazi hiyo yataka karatasi na kalamu kwanza, kompyuta baadaye.

Maneno mawili yatosha kutuongoza: "ni" na "ana". Mwanafunzi ni mtu. Basi klasi ya Mwanafunzi yaweza kurithi klasi ya Mtu. Lakini mwanafunzi ana bweni, wala yeye si bweni. Hapo hapana urithi. Mwanafunzi huwekewa tu njia ya kumfikisha kwenye Bweni lake.

Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo la watoto. La, hata mabingwa walikosea. Katika Java yenyewe, Stack, yaani rundo ambalo vitu hutiwa na kutolewa juu tu, ilifanywa irithi Vector, ambayo ni orodha. Kwa hiyo hata leo mtu aweza kupenyeza kitu katikati ya rundo na kuivunja kanuni yake. Maelezo rasmi ya Java sasa yashauri kutumia Deque badala yake. Tena Joshua Bloch, katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, aliwaonya watu wasikimbilie urithi.

Jambo la pili ni safari ya kutoka kitu hadi kitu. Tukitaka jina la mlezi, twaanza kwa mwanafunzi, twaenda kwenye bweni, ndipo twafika kwa mlezi. Lakini mwanafunzi wa kutwa hana bweni. Njia hukatika, na programu husimama kwa kosa liitwalo NullPointerException. Aliyechora mishale yake karatasini huliona pengo hilo mapema, akauliza kwanza: je, bweni lipo?

Nasema haya kwa kuwa katika shule nyingi kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi. Angojaye zamu hujiona ameachwa nyuma, kumbe sehemu kubwa ya kazi yaweza kufanyika dawatini pake. Nawaomba walimu wetu watupe mazoezi ya kuchora, na wayasahihishe kama wasahihishavyo insha. Nasi wanafunzi tusione haya kuanza na kalamu. Mwenda pole hajikwai.