MICHEZO NA MALEZI: Kocha ambaye jina lake liliachwa

Mara nyingi tunawaona watoto wetu wakirudi kutoka uwanjani vichwa chini: majina ya timu yamesomwa, yao hayamo. Wengine wanasema ndiyo basi, hawachezi tena. Kwa hiyo mwezi huu tunawaletea habari za Roy Francis wa Wales, ambaye naye aliachwa.

Mchezo wake ulikuwa raga ya wachezaji 13, ile ya mpira wenye umbo la yai. Alizaliwa mwaka 1919, lakini hakulelewa na mama aliyemzaa. Alimlea mama mwingine katika mji mdogo wa Brynmawr, naye akakua kwa jina la ukoo wa huyo mama. Nyinyi mnaolea watoto wa wenzenu hapa kambini, jambo hilo mnalijua vizuri kuliko sisi.

Alipofika miaka 17, klabu ya Wigan huko Uingereza ikamchukua. Mbio alikuwa nazo kweli kweli! Lakini alikuwa mweusi. Mwaka 1946 timu ya taifa ya Uingereza ilisafiri kwenda Australia, yeye akabaki. Inaelezwa kuwa sababu ni rangi yake, maana Australia wakati ule ilikuwa na sera ya kuzuia wahamiaji wasio weupe, na viongozi wa mchezo hawakutaka maneno. Mwaka 1947 alichezea taifa mechi moja dhidi ya New Zealand, akafunga mara mbili. Hakuitwa tena.

Je, alikata tamaa? Hapana, jamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa kocha wa klabu ya Hull, na anatajwa kuwa mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa Uingereza. Hull wakawa mabingwa mwaka 1956 na 1958. Aliwaonyesha wachezaji filamu za mechi, akakazania mazoezi ya mwili, akaongea na kila mmoja wao. Tena hakusahau nyumbani: alipanga usafiri ili wake na familia za wachezaji wafike kwenye mechi. Alijua mchezaji ana watu nyuma yake.

Mwaka 1961 Hull wakampokea kijana mweusi kutoka Cardiff, Clive Sullivan. Mwaka 1972 huyo Sullivan, akiwa nahodha wa Uingereza, alibeba Kombe la Dunia. Yaani mlango uliofungwa kwa kocha ulifunguka kwa kijana aliyeanzia mikononi mwake.

Mwaka 1968 Francis aliiongoza Leeds kuchukua Kombe la Challenge kwa pointi 11 kwa 10, uwanja wa Wembley umejaa maji ya mvua. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 2023 sanamu yake ilisimamishwa palepale Brynmawr, mji wa mama aliyemlea.

Wazazi, mtoto akirudi na jina lake halimo, msimwambie tu anyamaze. Muulizeni anaweza kumfundisha nani kile anachokijua.

Ya kuzungumza nyumbani jioni:
1. Nani katika familia yetu aliachwa nje, na sisi tulimwambia nini?
2. Nani alitulea ingawa hakutuzaa? Tumemshukuru?

Tuonane mwezi ujao.